Bibi Anapovua Buibui: Ruhusa ya Wazee na Mipaka Yake

Swali huulizwa kwenye darsa za akina mama, kwenye vipindi vya dini redioni na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na majibu yake hayalingani: mwanamke aliyekwisha kuzeeka, je, bado analazimika kujifunika kama binti wa miaka ishirini? Wapo wasemao mzee hana dhambi, akae atakavyo. Wapo wanaojibu kwamba hijabu haina kustaafu. Wengine huitaja aya ya 60 ya Sura An-Nur, inayowapa wazee ruhusa, lakini wakiulizwa ruhusa hiyo ni ya nguo gani, kila mmoja hushika njia yake.

Makala haya yanalitazama suala zima: aya yenyewe, nani anahesabika mzee, rai tatu kubwa za wanazuoni, na namna mavazi ya pwani yetu yalivyobadilika hata swali likawa gumu kuliko lilivyokuwa.

Mkanganyiko unatoka wapi

Neno hijabu limebeba nguo nyingi kwa pamoja. Likitajwa, huyu hufikiria buibui, yule ushungi, mwingine nikabu. Wanazuoni wa zamani walizitenganisha. Khimari, yaani kitambaa cha kufunika kichwa na kifua, ilikuwa na hukumu yake. Jilbabu, vazi pana linalovaliwa juu ya nguo nyingine wakati wa kutoka, ilikuwa na yake. Kufunika uso likawa suala la tatu, nalo walihitilafiana. Anayeuliza kama bibi anaweza kuvua, bila kutaja anavua nini, ameuliza maswali matatu kwa mpigo.

Mahali nako huchanganywa. Kuswali, kukaa na wajukuu, kumpokea jirani wa kiume barazani na kwenda sokoni ni hali nne tofauti, na jibu la moja halifai kuhamishiwa nyingine. Hapa mila zetu zimezidisha utata. Mkwe, mume wa binti, ni maharimu wa mama mkwe milele, yaani hawezi kumwoa kamwe, lakini akina mama wengi wa pwani hujitanda vizuri anapoingia, kwa heshima. Shemeji si maharimu, na bado katika nyumba nyingi huingia hadi jikoni bila mtu kutafuta mtandio. Anayejifunza sheria kwa kutazama nyumba ya jirani atajifunza kinyume chake.

Zaidi ya hayo, mjadala wa hadharani umewaelekea wasichana. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2004 ilihusu wanafunzi wa shule za serikali. Kesi ya hijabu iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya Januari 2019 ilihusu wanafunzi wa sekondari huko Isiolo. Mawaidha mengi ya mavazi nayo huanzia kwa binti aliyebaleghe na kuishia kwa mke wa mtu. Bibi wa miaka sabini hukumbukwa mwishoni, kama swali la nyongeza wakati sheikh anafunga kitabu.

Aya na majirani zake

Kwa maana yake, aya ya 60 inasema kwamba wanawake waliokaa, wasiotaraji tena ndoa, hawana lawama wakiweka kando nguo zao, mradi wasijitokeze kwa mapambo. Na kujizuia ni bora kwao. Ndani yake mna mambo manne: anayeruhusiwa, anachoruhusiwa kuvua, sharti la ruhusa, na nasaha. Karibu kila hitilafu ya wanazuoni inaanzia kwenye mojawapo ya hayo.

Aya hii haikushuka peke yake. Katika sura hiyohiyo, aya ya 31 imewaamuru wanawake waumini washushe khimari juu ya vifua vyao na ikaorodhesha wanaume ambao mbele yao hakuna haja ya kujifunika hivyo. Sura Al-Ahzab, aya ya 59, ndiyo inayozungumzia jilbabu wakati wa kutoka. Aya ya 58 ya An-Nur inawataka watumishi na watoto wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya Isha. Aya ya 61 inazungumzia kula majumbani mwa jamaa. Ruhusa ya wazee basi imewekwa katikati ya adabu za nyumba inayoingiwa na watu wengi.

Wapo wanaochukua mpangilio huo kuwa dalili kwamba aya inahusu wepesi wa ndani ya nyumba tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijitoshelezi. Mbele ya maharimu wake mwanamke alikwisha kuruhusiwa na aya ya 31, awe kijana au mzee. Kama aya ya 60 ingekuwa inarudia hilo tu, mzee asingekuwa amepewa kitu. Lazima basi iwahusu wanaume wasio maharimu: jirani, mgeni, mfanyakazi, muuza samaki mlangoni.

Nani anahesabika mzee

Sura At-Talaq, aya ya 4, inawataja wanawake waliokata tamaa ya hedhi na kuwawekea eda ya miezi mitatu. Kipimo chake ni mwili. Kipimo cha aya ya 60 ni ndoa. Tofauti hii mara nyingi hurukwa, watu wakadhani hedhi ikikoma ruhusa imeingia. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na katika umri huo mjane au mtalikiwa anaweza kuposwa, akaolewa na akaanza nyumba upya. Abu Ubayda alilifasiri fungu hili kuwa ni waliokwisha kuzaa. Wafasiri wengine walimpinga kwa hoja hiyohiyo, kwamba mwanamke huacha kuzaa na bado akatamaniwa.

Rabia wa Madina, mwalimu wa Imam Malik, alitoa kipimo kikali zaidi: ni yule ambaye jicho likimwona halimtaki. Hapo kipimo kimehama kutoka kwenye taraja la mwanamke na kuingia kwenye jicho la mwanamume. Kila kimoja kina faida na hasara. Taraja la ndoa analijua mwenyewe, kwa hiyo anabaki hakimu wa hali yake. Lakini mtu mwingine hawezi kulithibitisha. Jicho la mtazamaji linaelekea kwenye sababu ya hukumu, yaani kuzuia matamanio. Lakini macho hayalingani, na kumpima bibi kwa kiasi anachochukiza ni kumvunjia heshima.

Serikali, ambazo haziwezi kutawala kwa kupima moyo, hutafuta njia za mkato. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2021, Saudi Arabia ilikuwa ikiwaruhusu wanawake waliopita miaka 45 kwenda Hija bila maharimu wakiwa katika kundi lililopangwa na wakiwa na barua ya ridhaa. Walio chini ya umri huo walihitaji maharimu. Amri ya Taliban ya Mei 2022 huko Afghanistan iliwataka wafunike nyuso wanawake wasio wadogo sana wala wazee sana, ikawaachia watu kukisia nani ni nani. Tarakimu inaeleweka kwa urahisi lakini haina asili katika aya. Makisio yana asili, ila yanampa askari wa barabarani kazi ya kuukadiria uzee wa mama wa watu.

Pana pia gharama ya kijamii. Mwanamke anayeitumia ruhusa hii hadharani anatangaza, atake asitake, kwamba ametoka kwenye uwanja wa ndoa. Pwani yetu, ambako kuolewa tena baada ya talaka au kufiwa si jambo geni, na mzee mjane hutafuta mzee mwenzake wa kuishi naye, si kila mwenye mvi atapenda kutangaza hivyo. Huyo bado ana taraja, na kwa maneno ya aya, ruhusa haijamfikia.

Rai ya kwanza: huvuliwa vazi la juu tu

Hii ndiyo rai ya wengi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Masud, Ibn Abbas na Ibn Umar, ikashikwa na wafasiri wakubwa. Kwao, nguo zinazowekwa kando ni jilbabu au shuka ya juu. Khimari inabaki kichwani. Al-Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, anataja kwamba wapo walioona nywele za mzee zikionekana hakuna ubaya, kisha anaisahihisha rai hiyo: mzee ni kama kijana katika kujistiri, ila anaweza kuliacha vazi linalokuja juu ya kanzu na khimari.

Hoja yenye nguvu zaidi iliwekwa na al-Jassas, mwanazuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 981. Yeye alianzia kwenye sala. Mwanamke mzee akiswali kichwa wazi, sala yake inaharibika kama ya kijana. Hiyo ina maana nywele zake bado ni aura, yaani sehemu ya mwili inayopaswa kusitiriwa, na kama ni aura, aya haiwezi kuwa imemruhusu kuzifunua mbele ya mwanamume wa kando. Aidha, imepokewa kwamba baadhi ya masahaba waliisoma aya kwa namna inayoonyesha ni sehemu tu ya nguo inayowekwa kando.

Nguvu ya rai hii ni kushikamana kwake na masahaba na kulingana kwake na hukumu ya sala. Udhaifu wake umejitokeza zama hizi. Wahubiri wengi wa leo husema mwanamke kijana anaweza kutoka na gauni pana na ushungi, bila kulazimika kuongeza buibui. Wakiulizwa kuhusu bibi, husema yeye ameruhusiwa kuvua jilbabu na kubaki na gauni na ushungi. Kwa hesabu hiyo bibi na mjukuu wamelingana, na wepesi ambao Mwenyezi Mungu aliutenga kwa wazee hauonekani tena. Rai ya kwanza inasimama vizuri kwa anayeona vazi la juu, au kufunika uso, ni wajibu kwa kijana. Asiyeona hivyo anapaswa kueleza mzee amepunguziwa nini.

Rai ya pili: hata kichwa kinaweza kuachwa wazi

Rai hii ni ya wachache kwa Masuni. Ndiyo ile aliyoitaja al-Qurtubi kabla ya kuipinga. Kwa Mashia Ithnaasheri ina mizizi zaidi. Katika al-Kafi, kitabu chao cha hadithi, mna riwaya kutoka kwa Imam Jaafar as-Sadiq inayotaja jilbabu peke yake, na nyingine inayotaja khimari na jilbabu pamoja. Fatwa za Ayatollah Sistani, anayefuatwa na Ithnaasheri wengi wa Afrika Mashariki, zinamruhusu mwanamke asiyetaraji ndoa kuachia nywele na mikono kwa kiasi ambacho kwa kawaida hubaki nje ya khimari na jilbabu, kwa sharti la kutojipamba.

Kwa Mahanbali, Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, alieleza kwamba ajuza asiyetamaniwa hakuna ubaya kutazamwa sehemu zake ambazo kwa kawaida huonekana, akaitegemea aya hiihii. Lakini maneno yake yanahusu kutazama. Kumtaka mwanamke ajifunike ni suala moja na kumkataza mwanamume asitazame ni jingine. Anayeyachukua ya pili kuwa jibu la kwanza ameongeza kisichosemwa.

Rai hii inaipa aya maana inayohisika, na inafuata sababu ya hukumu: matamanio yakiondoka, sharti la kuyazuia hulegea. Mafakihi walilitumia wazo hilo mahali pengine pia. Al-Marghinani, katika kitabu chake al-Hidaya, aliona hakuna ubaya kupeana mkono na ajuza asiyetamaniwa, akataja kwamba Abu Bakr alikuwa akiwapa mkono wazee wa makabila aliyonyonyeshwa kwao. Abu Hanifa aliwaruhusu wazee waende msikitini kwa Alfajiri, Magharibi na Isha. Wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad wakawaruhusu kwa sala zote. Wazee walifunguliwa milango ambayo wanawake vijana walifungiwa.

Udhaifu wake uko kwenye sharti la mapambo. Kichwa kikifunuliwa, nywele zenyewe zinakuwa jambo la kuangaliwa. Bibi aliyepaka hina kuficha mvi, akavaa vipuli vya dhahabu na kutia wanja, je, bado yumo ndani ya ruhusa? Wenye rai hii wenyewe watajibu kwamba pambo limemtoa. Tena ina kazi ya kumjibu al-Jassas: kwa nini nywele ziwe aura mbele ya Mola katika sala, kisha zisiwe aura mbele ya muuza samaki? Jibu linalotolewa ni kwamba stara ya sala ni ibada inayojitegemea na stara ya kutazamwa ina sababu yake. Jibu hilo linaeleweka, ila halikuwaridhisha wengi.

Rai ya tatu: mzee na kijana ni mamoja

Rai hii ndiyo iliyo karibu na watu wa pwani, kwa kuwa wengi wetu ni Mashafii. An-Nawawi, mwanazuoni wa Kishafii, alinukuu kwamba al-Ghazali alimweka ajuza kwenye hukumu ya kijana, kwa kuwa matamanio hayana mpaka unaoweza kuwekewa kamba. Ar-Ruyani alilegeza: akifikia umri ambao fitina haihofiwi, inaruhusiwa kumtazama uso na viganja. Mafakihi walikuwa na msemo wao kwamba kila kilichoanguka kina wa kukiokota, wakimaanisha hakuna mwanamke asiye na wa kumtaka.

Watetezi wa msimamo huu humtaja Hafsa binti Sirin, mwanazuoni wa Basra katika kizazi kilichofuata masahaba. Wanafunzi wake walipoingia kwake alijitanda jilbabu yake vizuri. Wakamkumbusha aya ya ruhusa. Akawauliza: baada ya hapo inasemaje? Wakamsomea kwamba kujizuia ni bora. Akawaambia hilo ndilo linaloithibitisha jilbabu.

Nguvu ya msimamo huu ni tahadhari, na tahadhari hiyo si ya kubezwa: wanawake wazee nao hudhalilishwa na kushambuliwa, na uzee haujawa kinga. Udhaifu wake ni kwamba ukipelekwa mwisho, aya inabaki maandishi tu. Kama hakuna mwanamke asiyetamaniwa, basi Mwenyezi Mungu ameruhusu kundi lisilokuwepo. Na kisa cha Hafsa kinasema pungufu kuliko kinavyotumiwa. Hakukana ruhusa, wala hakuwaamuru wazee wa Basra wamwige. Aliyaweka mambo mawili mahali pake: hili halina lawama, lile ni bora, na mimi nafsi yangu nimechagua lililo bora. Anayelichukua lililo bora na kuligeuza wajibu kwa wengine hana Hafsa upande wake.

Pwani: nguo zilivyobadilika

Haya yote yangekuwa mepesi kama mavazi yangebaki ya karne za mwanzo. Hayakubaki. Karne ya 19, wanawake wa tabaka la juu Zanzibar walivaa barakoa usoni, kama anavyoeleza Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Lamu na Mombasa walikuwa na shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumishi huku bibi akitembea ndani yake. Stara wakati huo ilikuwa pia alama ya daraja: mtumwa hakuruhusiwa kujisitiri kama mwungwana. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, buibui lilienea hatua kwa hatua, na wanawake ambao mama zao walinyimwa vazi la heshima wakalivaa. Ndiyo maana kumvua buibui mwanamke wa pwani, hata kwa maneno, kuligusa utu wake kuliko kunavyoweza kueleweka kwa anayelihesabu kitambaa tu.

Buibui la zamani lilikuwa kitambaa kipana cheusi, kikifungwa kichwani kwa kamba na kuangushwa mwilini, na mvaaji alilishika kwa mkono lisifunguke mbele. Ndani yake mlikuwa na gauni, na mara nyingi kanga. Akifika kwa mwenyeji alilivua akabaki na kanga kichwani. Hapo aya ya 60 ilikuwa rahisi kuionyesha kwa kidole: vazi la juu ni hili, la ndani ni lile. Siku hizi buibui ni la mikono, linavaliwa kama gauni, wakati mwingine juu ya nguo nyepesi ya ndani isiyofaa kuonekana na mtu. Ukimwambia bibi wa leo avue vazi la juu, huenda chini yake hamna vazi la heshima. Tabaka mbili zimekuwa moja, na hukumu iliyosimama juu ya tabaka mbili imekosa pa kusimama.

Kanga ingali inalifumbua fumbo hili vizuri. Doti moja ina vipande viwili: kimoja kiunoni, kimoja kichwani na mabegani. Bibi anayekaa barazani na gauni refu, kanga moja imefungwa na ya pili imetandwa kichwani, bila buibui, ametekeleza rai ya wengi sawasawa, ingawa hakuna aliyemwekea jina la kisheria.

Badiliko la pili ni la mwelekeo wa umri. Zamani ulinzi mkubwa ulikuwa juu ya mwari na mke kijana. Mwanamke mzee alikuwa kungwi, mkunga, mwalimu wa chuo, mtu wa kwenda msibani na kurudi peke yake. Leo mara nyingi ni kinyume. Wajukuu wamevaa suruali na ushungi wa rangi, na bibi, hasa akirudi Hija, ameongeza nikabu na glavu. Oman na Falme za Kiarabu pia barakoa imebaki zaidi kwa wazee, vijana wameiacha. Sababu zake ni za kueleweka: uzee ni wakati wa kujiandaa na safari ya mwisho, mavazi ni heshima iliyokusanywa kwa miaka, na mazoea ya ujana hayavuliki kwa siku moja. Lakini matokeo yake ni kwamba aya inapunguza mzigo umri unapoongezeka, na jamii inauongeza.

Kupima: nini kinapatikana, nini kinapotea

Katika sala hakuna mvutano. Mzee aswali akiwa amejistiri kama kijana, na asiyeweza kujivika vizuri kwa maradhi anasamehewa kwa kadiri ya uwezo wake. Mbele ya maharimu nako hakuna la kubishania. Bibi wa pwani anayejitanda mbele ya mkwe anafuata heshima, na heshima ina thamani yake, mradi asiambiwe ni faradhi.

Mbele ya wanaume wa kando, rai ya kwanza ndiyo yenye mizani iliyo sawa. Inaipa aya kazi, inaafikiana na hukumu ya sala, na inabakiza kichwani kitambaa ambacho karibu kila bibi wa pwani anakitaka mwenyewe. Kwa anayemfuata mujtahidi wa Ithnaasheri, rai ya pili ni fiqhi kamili yenye masharti yake, na jirani yake wa Kisuni hana sababu ya kumhesabu mvunja sheria. Rai ya tatu inabaki kama uchaguzi wa mcha Mungu kwa nafsi yake, na kama tahadhari mahali penye hofu ya kweli.

Lakini mizani ya vitabuni haitoshi bila kutazama mwili wa mzee. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni za wima. Mwenye mkongojo mkono mmoja na ukuta mkono wa pili hana mkono wa tatu wa kushika pindo linaloburura. Kifaa cha kusikilizia, ushungi ukikibana, hupiga mluzi sikioni, na mvaaji huishia kukivua na kurudi kwenye uziwi. Joto la Machi linamchosha mwenye moyo dhaifu. Kanuni ya fiqhi kwamba mashaka huleta wepesi iliwekwa kwa ajili ya hali kama hizi. Daktari akihitaji kuona kichwa, sikio au jeraha, darura inaruhusu kwa kadiri yake. Pindo lipunguzwe, ushungi ulegezwe, buibui liachwe nyumbani. Hayo yote yamo ndani ya rai ya wengi, bila hata kuigusa rai ya pili.

Mgonjwa wa kusahau, anayevua mtandio asijue amevua, hana dhambi. Aliyepungukiwa na akili hana taklifu, yaani habebeshwi wajibu wa sheria. Wajibu uko kwa wanaomlea, nao ni wa kumstiri kwa upole, kama ambavyo yeye mwenyewe angetaka alipokuwa mzima.

Kinachobaki ni suala la nani anasema na nani. Madhara makubwa katika mjadala huu huletwa na pande mbili za watu wenye haraka. Upande mmoja yupo kijana aliyetoka darsani jana, ambaye kabla ya kutoa shikamoo amekwisha kumkemea bibi yake kwamba kanga haitoshi. Upande wa pili yupo mjukuu anayemwambia bibi avue tu, uzee umeshamfikia, nani atamtazama. Wa kwanza ameongeza faradhi ambayo aya imeiondoa. Wa pili amemdhalilisha mwanamke kwa jina la kumpunguzia. Aya ilipotaja ruhusa, sharti na lililo bora, ilimwachia mwanamke mwenyewe uamuzi, ikamalizia kwa kukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusikia na Mwenye kujua.

Kwa ufupi

Ruhusa ya aya ya 60 ni ya kweli na ina watu wake: wanawake wasiotaraji tena ndoa, kipimo kisichotimia kwa kukoma hedhi tu wala kwa tarakimu ya serikali. Wanazuoni wengi wameihusisha na vazi la juu, ushungi ukibaki. Wachache wa Kisuni na fiqhi ya Ithnaasheri wamefika hadi nywele. Mashafii kadhaa walimweka mzee karibu na kijana kwa tahadhari. Wanaoikubali ruhusa wanaafikiana kwamba kujipamba kunaiondoa, na kwamba kujizuia ni bora bila kuwa faradhi. Ugumu wa leo umezidishwa na mavazi yaliyobadilika, yaliyounganisha vazi la juu na la ndani, na jamii inayoongeza stara kwa kadiri umri unavyoongezeka. Kwa mwanamke mzee wa Kisuni wa pwani, gauni refu na kanga au ushungi kichwani, bila buibui, ni vazi lenye msingi madhubuti. Akitaka kuongeza, ameongeza fadhila yake. Akihitaji kupunguza kwa maradhi, fiqhi inampa nafasi. Jamaa zake wana kazi ya kumnunulia nguo nyepesi, kumpunguzia pindo na kumshika mkono kwenye ngazi. Kumuamulia hawakupewa.